Kayaki ya mbao niliyoiunda nyumbani inalika mkukuni: niikinge vipi?

#1 – Mwanzisha uzi (Jambiani)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na vyombo vya mbao, na nitaeleza jambo lote kwa kirefu ili msilazimike kuniuliza upya.

Mwaka juzi niliunda kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia) katika ua wa nyumba ya shangazi yangu hapa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja. Ni ya plaiwudi ya okume yenye unene wa milimita 4, iliyokatwa vipande virefu, ikashonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vikajazwa epoksi (resini inayogandishwa kwa kigumishi) iliyokorogwa na unga wa mbao na kufunikwa kwa utepe wa faiba. Ina urefu wa mita 5.1 na uzito wa kilo 21. Nje niliivika tabaka moja la kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba, nikajaza nyuzi kwa epoksi mara tatu, halafu nikapaka vanishi. Ilipendeza mno, na nakiri kwamba mwezi wa kwanza nilikuwa nikiibeba kama trei ya mayai.

Tatizo ni bahari yetu. Anayeijua Jambiani anajua kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na kutoka ufukweni hadi karibu na mwamba hubaki mchanga, vigingi vya wakulima wa mwani na madimbwi ya kufika vifundoni. Nikitoka alfajiri na kurudi saa hizo, sina budi kuirudisha kwa miguu. Zamani nilimwomba kijana mmoja tuibebe wawili. Siku hizi nimezoea uvivu, nashika kamba ya omo (ncha ya mbele) na kuivuta mwenyewe.

Wiki iliyopita niliipindua niisafishe. Kwenye mkuku, yaani mstari wa katikati chini ya chombo, kuanzia pale omo inapopinda kwenda chini, kwa urefu wa kama dhiraa moja, vanishi imekwisha, epoksi imekwisha, na nyuzi za faiba zimetokeza nyeupe kama shuka kuukuu. Upande wa tezi, yaani nyuma, hali ni mbaya zaidi: kuna mahali penye upana wa kidole gumba ambapo hata faiba imelika na mbao imekuwa nyeusi. Chini ya kiti ipo mikwaruzo tu, na kwingineko kote bado inang'aa.

Nafikiria kuivika kitako chote tabaka la pili la faiba. Je, ni wazo zuri, au kuna njia nyingine?

#2 – Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, pole. Mimi hutengeneza boti za faiba, na kwangu jibu ni jepesi. Nunua resini ya poliesta pamoja na ile faiba ya mkeka, piga msasa, bandika tabaka mbili, na kesho yake unaingia majini. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na epoksi, na vitu vyote hivyo hupatikana katika maduka ya kawaida ya rangi na faiba hapa mjini.

#3 – Mchangiaji (Tanga)

Namheshimu fundi wa hapo juu, lakini katika hili naomba tutofautiane, kwa kuwa chombo cha faiba tupu na chombo cha plaiwudi iliyovikwa faiba si kitu kimoja. Poliesta hushikana vizuri na poliesta mwenzake; kwenye mbao mshiko wake ni dhaifu, na mbao inapovimba na kusinyaa, baada ya muda utaona ngozi nzima ikibanduka kama ganda la ndizi na maji yakiwa yametulia katikati. Juu ya epoksi hali si bora, kwa sababu mabaki ya kigumishi cha epoksi yanaweza kuizuia poliesta isikauke ipasavyo, ikabaki inanata. Kinyume chake, epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa. Basi aliyeanza na epoksi na aendelee na epoksi.

Kuhusu faiba ya mkeka, yaani ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa bila kufumwa, aina nyingi hushikanishwa kwa gundi ambayo huyeyushwa na kimiminika kilichomo ndani ya poliesta. Epoksi haina kimiminika hicho. Ukiilowesha kwa epoksi, mkeka hukaa mgumu, haukunji kona, na hunywa resini nyingi bila kukupa nguvu inayolingana. Niliwahi kuuziwa mkeka nikiambiwa ni sawa na kitambaa, nikapoteza nusu lita ya epoksi na Jumamosi nzima, kwa hiyo nasema nikiwa na uchungu.

Sasa nije kwa mwenye uzi. Ndugu yangu, soma tena ulichoandika: omo dhiraa moja, tezi upana wa kidole gumba, chini ya kiti mikwaruzo, na kwingineko kunang'aa. Kayaki yako imekwishakuonyesha inapolika. Kitako chote kina kama mita za mraba 2.6. Tabaka jipya la kitambaa cha gramu 200 litakunywesha resini ya uzito kama huohuo, na ujazo wa nyuzi utaongeza gramu 200 hadi 300 nyingine kwa kila mita ya mraba. Jumla ni kilo moja na nusu hadi mbili. Utakuwa umekibebesha chombo chepesi mzigo wa kudumu ili kulinda eneo ambalo, kwa maneno yako mwenyewe, bado linang'aa, huku pale panapolika ukiwa umeongeza sehemu ndogo tu ya milimita. Tabaka hilo nalo litakwisha, na safari hii litakwishia mahali palepale.

Mimi ningefanya hivi. Kabla ya yote, shughulikia mbao nyeusi, kwa maana kufunika unyevu ni kuuhifadhi. Kwangua epoksi na faiba yote iliyolegea hadi ufike kwenye mbao ngumu, na usione huruma. Osha kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, si mara moja bali siku mbili tatu mfululizo, kwa kuwa chumvi iliyobaki ndani ya mbao huvuta unyevu kila usiku hata kama mchana palionekana pakavu. Kisha iache kivulini penye upepo wiki mbili au zaidi. Kipimo changu ni cha kizamani: nabandika kipande cha nailoni juu ya mbao, naziba kingo zake kwa utepe, nakiacha jua lipige saa chache, nikikuta umande kwa ndani, bado.

Ikishakauka, pakaze epoksi tupu mbao inywe, halafu jaza shimo kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao, sawazisha kwa msasa namba 80, na sasa ndipo uweke faiba. Usiweke kipande kimoja kipana. Weka tepe mbili: ya kwanza upana wa sentimita 5, ya pili sentimita 8 juu yake, ili kingo zisikutane mahali pamoja na kufanya ngazi. Na uzikate mshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45 kutoka mwelekeo wa nyuzi. Hili watu hulipuuza, nami naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kona: kitambaa kilichokatwa mshazari hujinyoosha na kulalia pindo la omo bila kunyanyuka, wakati kilichokatwa wima hukaidi, hujikunja, na asubuhi unakuta povu la hewa refu kama jongoo.

Juu ya tepe hizo ndipo ujenge kitu cha kulika badala ya kayaki. Bandika tepe mbili za karatasi za wapaka rangi, moja kila upande wa mstari wa mkuku, ukiacha nafasi ya milimita 12 katikati. Koroga epoksi na unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ongeza unga wa grafaiti (ule mweusi wa kwenye penseli) kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya ujazo, kisha paka ndani ya ule mfereji hadi kimo cha milimita 3. Bandua tepe kabla haijagumu, na upitishe kidole chenye glavu kuulainisha mgongo wake. Kwa omo sentimita 60 na tezi mita moja, hesabu inatoa sentimita za ujazo 58, ambazo hazifiki gramu 100. Linganisha na zile kilo mbili.

Mstari huo mweusi utalika. Ndiyo kazi yake. Ukibaki wembamba, unapiga msasa, unabandika tepe, unapaka tena jioni moja, na mbao haijui lililotokea.

#4 – Mchangiaji (Lamu)

Nakubaliana na wa Tanga kwa mengi, ila kwa nini msimtajie utepe wa chuma? Huku kwetu nimeona mashua ndogo zikifungwa utepe wa shaba ya njano wenye mgongo wa mviringo chini ya mkuku, na unavumilia kuburutwa juu ya mawe miaka mingi.

#5 – Mchangiaji (Tanga)

Kwa mashua ni sawa kabisa, kaka. Kwa kayaki ya plaiwudi ya milimita 4 kuna mambo mawili yananizuia. Kwanza uzito: utepe wa upana wa milimita 12 na kimo cha milimita 4, kwa urefu wa mita nne na nusu, unazidi kilo moja. Pili ni parafujo. Kila parafujo ni tundu kwenye mbao, chini ya mstari wa maji, mahali ambapo chombo hugongwa. Anayeutaka hana budi kuchimba tundu kubwa kuliko parafujo, kulijaza epoksi nzito, kuiacha igande, kisha kutoboa tundu dogo katikati ya epoksi hiyo, ili parafujo isiguse mbao hata kidogo. Tena mkuku wa kayaki iliyoshonwa hauna boriti ndani. Una kiungo cha epoksi tu, na parafujo haina pa kuuma. Ningekubali utepe mfupi kwenye kisigino cha tezi pekee, penye kipande cha mbao ngumu kwa ndani.

Wazo lenyewe ni la kale, nalo lina heshima yake. Watu wa Greenland, ambao ndio asili ya kayaki nyembamba za aina hii, walikuwa wakipigilia vipande vya mifupa kwenye kingo za omo na tezi ili ngozi ya sili isichanwe na barafu na mawe. Nao hawakuivika mifupa kayaki nzima.

#6 – Mchangiaji (Pemba)

Vijana, mimi ni mtu wa majahazi, si wa epoksi. Marehemu baba yangu alikuwa na dau, na kila lilipopandishwa tulilichoma chini kwa makuti, tukalipaka deheni ya chokaa na shahamu, na juu ya maji tukalipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Mbao haikunywa maji wala haikuliwa na wadudu. Mwanangu, kwa nini usipake shahamu mkukuni? Itateleza juu ya mchanga, na gharama yake ni ya kwenda buchani.

#7 – Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee, na ahsante. Nimecheka, lakini swali ni la haki. Wa Tanga, unasemaje?

#8 – Mchangiaji (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Deheni ina kazi yake na sina neno juu yake. Dau hukaa majini mfululizo, kwa hiyo adui yake mkubwa ni wadudu watoboao mbao na majani ya bahari, na deheni huwazuia hao. Kayaki hukaa nchi kavu, hulowa saa tatu au nne kisha ikarudi nyumbani, kwa hiyo wadudu hawapati nafasi; adui yake ni mchanga. Na mchanga wa Jambiani ni matumbawe yaliyosagika: ukishika konzi yake unaona mweupe na laini kama unga, lakini ukinasa kwenye shahamu chini ya mkuku unakuwa msasa uliopakwa gundi.

La hatari zaidi ni siku ya matengenezo. Shahamu ikishaingia kwenye nyuzi za faiba au mbao iliyo wazi, epoksi haitashika tena hapo, na msasa hauiondoi bali huisukuma ndani. Nimwombe mwenye uzi, hata kama hajapaka chochote, asugue sehemu yote kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya msasa, na baina ya tabaka moja ya epoksi iliyokauka na nyingine aoshe kwa maji na dodoki. Epoksi nyingi, hasa katika hewa ya unyevu kama yetu, hutoa utando mwembamba unaoteleza kama sabuni, na usipooshwa, tabaka la juu hukaa juu ya utando badala ya kukaa juu ya epoksi.

#9 – Mchangiaji (Kigoma)

Samahani kwa kuingilia watu wa bahari. Huku Ziwa Tanganyika pwani nyingi ni mawe, na mimi hulika kidogo sana ila hugongwa sana. Wimbi likikushusha juu ya jiwe, kinachopasuka ni upande wa ndani, kwa sababu mbao ikibonyezwa kutoka nje, ndio unaovutwa. Niliongeza kwa nje tabaka mbili bila faida, hadi mtu mmoja aliponishauri niweke kitambaa kimoja ndani, chini ya kiti na mbele ya miguu. Tangu hapo sijapasuka. Je, kwa mwenye uzi hili halina maana, hasa nikisikia habari ya vigingi vya mwani?

Na swali la pili: vipi kuhusu Kevlar, kile kitambaa cha nyuzi ngumu sana? Nasikia haikatiki.

#10 – Mchangiaji (Tanga)

Umesema kweli tupu kuhusu ndani, na ni jambo nililolisahau. Mkwaruzo hutibiwa nje. Kishindo hutibiwa ndani. Kwa vigingi, kitambaa cha ndani chini ya kiti kinafaa.

Kevlar haikatiki kwa urahisi, ndiyo, na ndiyo shida yake. Ikilika, nyuzi zake hazisagiki bali husimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na ukipiga msasa yanazidi. Iweke ndani kama unayo. Nje, nguo ya kulika vizuri ni ile iitwayo Dynel, lakini hunywa resini nyingi na kwa hapa kwetu ni ya kuagiza. Mstari wa grafaiti unatosha.

#11 – Mwanzisha uzi

Nimeelewa. Lipo moja linanitia wasiwasi. Kayaki hukaa ua wetu ikiwa imepinduliwa, mkuku juu. Rangi nyeusi juani itapata moto. Je, epoksi haitalainika?

#12 – Mchangiaji (Tanga)

Wasiwasi wako una msingi. Epoksi nyingi zinazokaukia hewani, bila kupashwa moto baadaye, huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na kitu cheusi kwenye jua la adhuhuri la Unguja kinaweza kupita hapo. Mstari wa milimita 12 hautaleta madhara makubwa, lakini ukipaka kitako kizima cheusi, kama wafanyavyo wengine huko kwenye nchi za baridi, utaona sura ya nyuzi ikichomoza na kayaki ikijipinda juu ya vigogo. Jenga kibanda cha makuti. Hata pasipo grafaiti ungekihitaji, kwa kuwa jua huila epoksi yenyewe. Ndiyo maana tunapaka vanishi yenye kinga ya jua au rangi, na vanishi hiyo haizuii mchanga hata chembe.

Tahadhari ya mwisho ya joto: usikoroge epoksi nyingi kwa mara moja. Kila joto linapopanda kama nyuzi 10, muda wake wa kufanya kazi hupungua karibu nusu, na kopo lililojaa huchemka lenyewe hadi likatoa moshi. Koroga kidogo, mimina kwenye sinia pana, na paka kuanzia alasiri, mbao inapoanza kupoa. Ukipaka asubuhi, mbao ikipata joto husukuma hewa nje, na vipovu hukaa ndani ya faiba milele.

#13 – Mchangiaji (Dar es Salaam)

Nimejifunza, na narudisha neno langu la poliesta kwa upande wa mbao. Nauliza tu: kwa nini asiiache ikielea kwa nanga kama ngalawa, akaepuka kuburuta?

#14 – Mwanzisha uzi

Nilijaribu, fundi. Maji yanapopwa, huwa kuna kama nusu saa ambapo kayaki haijakaa wala haielei; kila kiwimbi kinainyanyua na kuidondosha palepale, na huo ni msasa usiopumzika. Nadhani ule weusi wa tezi ulianzia huko.

#15 – Mwanzisha uzi (baada ya miezi mitatu)

Wakuu, narudi na taarifa kama nilivyoahidi faraghani.

Weusi wa mbao ulikuwa umeingia tabaka moja tu la plaiwudi, na chini yake palikuwa pekundu na pagumu. Niliiosha siku tatu, ikakaa siku kumi na tisa kivulini. Jaribio la nailoni lilitoa umande mara mbili kabla halijatoka kavu. Tepe za mshazari zililala vizuri upande wa omo. Upande wa tezi nilipata povu moja, nikalikata kwa wembe na kulijaza. Mstari wa grafaiti wa kwanza niliuharibu, kwa kuwa nilichelewa kubandua tepe za karatasi, zikagandia humo na kuacha kingo kama meno ya msumeno. Ikanibidi kutumia tupa asubuhi nzima. Wa pili ulitoka sawa. Ndani niliweka kitambaa kimoja chini ya kiti, kama alivyosema ndugu wa Kigoma.

Kayaki sasa ina kilo 21 na gramu 600, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni ya ndani. Nimeunda pia kigari cha magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto. Juu ya mchanga mgumu wa maji kupwa kinakwenda vizuri. Kwenye mchanga mlaini wa juu kinazama, na hapo namwita yule kijana tubebe.

Nimepima jana kwa rula. Omo bado ina karibu milimita 3 kamili. Tezi imebaki kama 2, kwa sababu nikichoka bado nainyanyua omo na kuiacha tezi iburutike. Hakuna uzi wa faiba uliotokeza. Kibanda cha makuti kimesimama, ingawa kuku wa shangazi wamekigeuza chao na natakiwa kuwafukuza kila ninapotoka.

Grafaiti imebaki nyingi kwenye kopo. Aliyepo Unguja na anayehitaji kiasi aniambie humu humu.